Santuri moja, nyimbo mbili: Hank Williams, 1949

Ndugu zangu watazamaji, salaam kutoka Cincinnati, Ohio. Najua wengi wenu mmekua mkimsikia Jim Reeves redioni, na ndiyo maana leo naomba tumsikilize kwa makini mtangulizi wake, Hank Williams, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, ambaye tarehe 30 Agosti 1949, katika studio ya Herzog iliyokuwa katika mji huu huu ninaoishi, alirekodi nyimbo mbili ambazo kampuni ya rekodi ya MGM ilizitoa Novemba ya mwaka huo katika santuri moja.

Upande wa mbele uliwekwa "My Bucket's Got a Hole in It", bluzi ya zamani ya mtu ambaye ndoo yake imetoboka na bia haipati tena. Ni wimbo mchangamfu, wenye kaa na samaki wanaocheza baharini, na ndio uliopanda hadi nafasi ya pili katika chati za kantri za Marekani. Wa nyuma ni "I'm So Lonesome I Could Cry", ambao Hank aliutunga mwenyewe, awali akikusudia maneno yake yasemwe tu bila kuimbwa. Huu unakwenda taratibu kwa mapigo matatu matatu: ndege wa usiku analia, treni inapita kwa mbali, mwezi unajificha nyuma ya wingu, na gitaa la stili, lile linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, la Jerry Byrd linavuta kila sauti kana kwamba halitaki kuiachia. Hatuambiwi ni nani aliyeondoka wala kwa nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ukuu wa wimbo huu, kwa sababu sisi tulio mbali na kwetu tunausikiliza kila mmoja akiwa na wake moyoni.

Hata hivyo, nawasihi msiupuuze ule wa mbele, kama wafanyavyo wengi siku hizi. Kibandiko cha santuri kilimtaja Clarence Williams kuwa mtunzi, lakini Hank alifundwa muziki utotoni, huko Alabama, na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani aliyejulikana kama Tee-Tot, na inaaminika kwamba wimbo wa ndoo aliupokea kwake. Payne alifariki mwaka 1939 akiwa fukara, bila kuacha rekodi hata moja, jambo ambalo linaniuma kila nikilifikiria. Sasa, katika wimbo huu Hank, ambaye kwa kawaida aliwaachia wenzake gitaa la solo, analipiga mwenyewe, kwa vidole visivyo na mbwembwe na kwa mdundo wa mtu aliyejifunza akitazama mikono ya mwingine. Upande wa nyuma ndio wimbo bora zaidi, wala sisiti kulisema hilo, lakini ukitaka kumkaribia Payne huna pengine pa kwenda isipokuwa katika solo hiyo fupi. Basi anzeni na upande wa mbele, muirudie solo hiyo mara mbili au tatu, ndipo muigeuze santuri.