Mwenye Timu Akishika Simu

Haya, wale mmesimama mlangoni kujeni mbele, viti viko, na nyinyi vijana mmetoka mazoezi ingieni tu na viatu vyenu hakuna mtu atawafukuza. Asanteni kwa kutoka nyumbani Jumamosi mchana na hili jua. Naona makocha wa mitaa, naona mameneja, na hapo kando ya dirisha naona wenye timu wawili watatu, nimefurahi sana mmekuja juu leo naongea na nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilipoambiwa nije hapa holi ya Kaloleni nikaulizwa utaongea kuhusu nini, nikasema nitaongea kuhusu timu ya Washington. Jamaa akaniuliza, sasa Washington na Jogoo Road zinajuana wapi? Ngojeni mtaona.

Mimi huangalia futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira wa yai. Nilianza 2013 juu ya Daniel Adongo, kijana wetu wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts, nikasema huyu lazima nimwone. Mechi zao za Jumapili huku zinaanza saa mbili usiku, ikifika baridi yao inakuwa saa tatu, kwa hivyo Jumatatu nilikuwa naenda kazi macho mekundu. Adongo hakukaa sana kule lakini mimi nilibaki, na kilichonibakisha si mchezo, ni wenye timu. Nimekuwa meneja wa timu hapa Nairobi miaka sita, ligi za chini, na kila nikisoma habari za Washington nilikuwa naona watu ninaowajua.

Wacha niwaeleze kwanza ile ligi iko namna gani maana bila hiyo hamtaelewa. Kuna timu 32. Hakuna kushuka daraja, ukimaliza wa mwisho mwaka ujao uko palepale. Pesa kubwa ya televisheni wanagawana sawa, timu mbovu na timu nzuri fungu moja. Mishahara ina kikomo, kwa hivyo huwezi kununua kila mtu. Na kwenye drafti, pale wanapochagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, timu mbovu ndio inachagua kwanza. Yaani mfumo wote umepangwa kuinua aliyeanguka. Sasa jiulize, timu inawezaje kukaa chini miaka 20 na zaidi kwa mfumo kama huo? Mimi jibu langu ni moja, ukitaka kupindua mfumo kama huo lazima uwe umekaa juu kabisa, na juu kabisa kuna mtu mmoja tu.

Washington haikuwa timu ndogo, hilo mlijue. Chini ya kocha Joe Gibbs walichukua Super Bowl tatu, yaani ile fainali ya ubingwa wa ligi, msimu wa 1982, wa 1987 na wa 1991. Halafu 1999 ikanunuliwa na Daniel Snyder, kijana wa miaka 34, dola milioni 800. Alikuwa shabiki wa hiyo timu tangu utotoni, na hapa nataka msikie vizuri, sisemi alikuwa mtu anaichukia timu. Aliipenda. Msimu wake wa kwanza, na wachezaji aliowakuta, na kocha aliyemkuta anaitwa Norv Turner, timu ikashinda mechi 10 ikaongoza kundi lake na ikashinda mechi moja ya mtoano. Shika hiyo, tutairudia.

Mwaka uliofuata, 2000, mdosi akafungua mfuko. Akaleta majina, Deion Sanders, Bruce Smith, Jeff George, watu wamewahi kuwa moto lakini umri umeenda. Mashabiki wakatozwa dola 10 kuingia kuona mazoezi, mazoezi tu jamani. Ikafika Desemba timu iko na ushindi 7 na kupoteza 6, bado iko kwa hesabu, akamfukuza kocha. Deion alicheza msimu mmoja akastaafu, bonasi ya kusaini ya dola milioni 8 ikaenda naye.

Akamleta Marty Schottenheimer, mzee wa kazi. Huyo alipoteza mechi tano za kwanza, akakaza, akamaliza na ushindi 8 na kupoteza 8. Ukiwa kocha unajua hiyo kazi ni kubwa kiasi gani, kuokota timu imevunjika roho wiki ya tano. Akafutwa baada ya msimu huo mmoja, kisa alikuwa na mamlaka ya kuchagua wachezaji na hakutaka kuyaachia. Alienda San Diego, na 2006 akashinda mechi 14 akapoteza 2. Huyo ndiye waliyemwona hafai.

Ile inayoniuma zaidi ni ya Jim Zorn. Huyu aliajiriwa 2008 kama msaidizi wa kusimamia mashambulizi, kabla hata hawajapata kocha mkuu, halafu baada ya wiki mbili hivi wakamgeuza yeye ndio kocha mkuu. Mwaka wa pili timu ikaanza vibaya, ushindi 2 kupoteza 4. Wakuu wa ofisi wakamnyang'anya kazi ya kuamua timu icheze nini, wakampa mzee anaitwa Sherm Lewis ambaye alikuwa ameshastaafu, amekaa kwao Michigan anaita namba za bingo kwa jumba la wazee. Sina neno na huyo mzee, rekodi yake ya ukocha ni nzuri sana. Namfikiria Zorn. Anasimama pale kandokando ya uwanja na jina la kocha mkuu, vifaa masikioni, kamera zote kwake, na wachezaji 53 wanajua ameshapokonywa. Walimaliza na ushindi 4.

Tuongee Kinairobi sasa. Chukua matatu. Mwenye gari ana haki zote, gari ni lake, mkopo ni wake, akitaka kubadilisha dere abadilishe jioni gari likiegeshwa. Lakini siku ameanza kumpigia makanga simu gari likiwa barabarani, ati mwambie dere apitie huku, mwambie asibebe wale, hapo gari halina dere tena. Dere anashika usukani tu. Na abiria wanaona, msifikiri hawaoni, wanajua kabisa wanabebwa na mtu hana uamuzi.

Na mimi nimekuwa huyo makanga. Nilikuwa na timu moja hapa Eastlands, siwatajii jina. Tunacheza Camp Toyoyo, moja bila, tunaongoza, ni kama dakika ya 60. Simu ikaita, ni mdosi, hata hakuwa uwanjani, alikuwa anafuata mechi kwa WhatsApp watu wakimtumia vipande vipande. Akaniambia mpe kocha simu. Nikampa! Sikufikiri hata sekunde moja, mwenye timu amesema mpe na mimi nikampa. Kocha akasikiza mbele ya benchi lote, akasema sawa mzee, sawa mzee, akarudisha simu, akaita namba sita atoke. Huyo kijana alikuwa ameushika mchezo wote. Akitoka hakumwangalia kocha. Aliniangalia mimi, akaangalia simu mkononi mwangu, akakaa chini akafungua kamba za viatu.

Na tulishinda mbili bila. Hapo ndio tuliharibikiwa, maana tungepoteza siku hiyo labda mdosi angeogopa, angesema hii kazi si yangu. Lakini tulishinda, na yule kijana aliyeingizwa ndiye alipiga krosi ya bao la pili, kwa hivyo kutoka siku hiyo mwenye timu akaamini ana jicho. Sasa kumbuka Washington 1999, mwaka wa kwanza wa kijana wa miaka 34, mechi 10 na mtoano juu. Ushindi wa mapema unamdanganya mtu kuliko hasara yoyote.

Kuna ndugu hapa mbele nilikuwa naongea naye kabla hatujaanza, akaniambia lakini Jerry Jones je? Swali zuri sana. Jerry Jones alinunua Dallas Cowboys 1989, dola milioni 140, na yeye mwenyewe ndio meneja mkuu mpaka wa leo, anaamua usajili mwenyewe. Na alishinda, Super Bowl tatu ndani ya miaka minne. Sasa fuata mpangilio. Mbili za kwanza zilikuwa chini ya Jimmy Johnson, kocha aliyejenga kile kikosi, na mara tu baada ya ile ya pili, Machi 1994, wakaachana kwa sababu wawili hao hawangeweza kugawana sifa. Ya tatu ikachukuliwa Januari 1996 na mifupa ya kikosi kilekile. Tangu hiyo Januari hawajaingia Super Bowl tena, na wakati huohuo Dallas imekuwa timu yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya dola bilioni 10. Fikirieni hiyo. Timu haichukui kombe karibu miaka 30 na mwenyewe anazidi kutajirika.

Hicho ndicho kinachonitisha, kwamba hakuna kitu kinamuuma mwenye timu. Snyder alikaa misimu 24, timu ikacheza mtoano misimu sita na ikashinda mechi mbili tu za mtoano, makocha wanane ukiacha wale wa muda, na 2023 akaiuza dola bilioni 6.05. Alinunua milioni 800! Na hata hakuuza juu ya matokeo. Kulikuwa na malalamiko ya wanawake waliofanya kazi kwa hiyo ofisi, wamedhalilishwa, timu ikapigwa faini ya dola milioni 10 mwaka 2021, na siku ya kuuza ligi ikamtoza yeye mwenyewe milioni 60 baada ya uchunguzi. Na mimi siwezi kuyatenganisha hayo mambo na uwanja. Nyumba ambayo kila mtu anaishi akimwangalia mtu mmoja uso ameamkaje leo, wanyonge wa hiyo nyumba hawana pa kusemea.

Timu ya Carolina nitapita haraka. Mwenyewe ni David Tepper, alinunua 2018, dola bilioni 2.275. 2023 wakaleta kocha Frank Reich, wakachagua kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, wa kwanza kabisa kwenye drafti, kijana Bryce Young, halafu kocha wakamfukuza baada ya mechi 11. Mechi 11 na kijana mgeni! Walimaliza na ushindi 2, na siku ya mwisho ya mwaka mdosi akamwagia shabiki kinywaji kutoka kwa boksi lake, faini dola 300,000.

Sasa linganisha na timu ya Pittsburgh, wenyewe ni familia ya Rooney. 1969 waliajiri kocha anaitwa Chuck Noll. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 1 akapoteza 13. Moja! Mwenye timu wa hapa kwetu angemwacha afike nyumbani na jezi? Walimwacha. Mwaka wa pili akashinda 5, wa tatu 6, bado hasara, bado wakamwacha, na kabla ile miaka ya sabini haijaisha alikuwa na Super Bowl tatu, ya nne akaichukua Januari 1980. Kutoka 1969 mpaka 2024 hiyo timu ilikuwa na makocha wakuu watatu peke yake. Na Washington yenyewe, mwenye timu mpya ameingia, akaajiri watu wa mpira akawaachia mpira, msimu wa 2024 wakashinda 12 wakafika mechi moja kabla ya Super Bowl. Najua walipata pia kwotabeki mzuri sana, Jayden Daniels, siwezi kuwaficha hiyo, lakini wamewahi kupata wazuri huko nyuma na hawakuenda mbali.

Haya, mkono nauona, wewe kijana wa jezi ya kijani. Anauliza, mdosi akinipigia mimi mchezaji nifanyeje, na yeye ndio ananilipia nyumba? Wacha nikujibu na ukweli ingawa si mtamu. Straika wetu alipewa namba ya mdosi wiki mbili baada ya ile mechi. Mwisho wa msimu wachezaji watano walikuwa nayo. Kocha alikuwa anapanga kikosi Ijumaa, usiku simu zinapigwa, Jumamosi asubuhi ni kikosi kingine, na wale watano hawakuwa wabaya, walikuwa na nyumba za kulipa kama wewe. Kwa hivyo sikulaumu wewe mwenye kupigiwa, nawalaumu hao wa dirishani wakipiga, na mimi niliyebeba simu. Ukipigiwa, msalimie, mwambie asante, halafu nenda kwa kocha siku hiyohiyo umwambie amenipigia na amesema hivi. Inaweza kukugharimu, sitakudanganya.

Kocha wetu aliondoka Jumanne moja, akanirudishia bibu na filimbi kwa mfuko wa plastiki, hakusema kitu. Timu ikashuka. Yule namba sita siku hizi ana boda huko Umoja, wiki jana nilimpigia kumwomba ruhusa niwaeleze habari yake, akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini uwaambie siku hiyo nilikuwa nacheza vizuri.

Alikuwa anacheza vizuri sana.