Akilalamika macho, usimwache alale: mhadhara kuhusu methanoli, Obunga, Kisumu

Mama zangu, wazee, vijana wa boda, hamjambo. Nawashukuru mliokuja, hasa nyinyi mnaopika. Najua si rahisi kuketi karibu na chifu mkisikiliza habari za chang'aa. Leo hakuna anayeandikwa jina.

Kwamba pombe ina madhara mmeambiwa kanisani na barazani, kwa hiyo sitarudia. Nimekuja kwa ajili ya methanoli, aina ya pombe yenye sumu inayotumika viwandani.

Chang'aa ya mtama, mahindi au sukari guru kwa kawaida haina methanoli ya kutosha kuua. Watu wengi wakifa kwa mkupuo, mara nyingi kuna mtu aliyemimina kemikali ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi na vanishi, ili pombe iwe kali na mtungi ujae kwa bei rahisi. Nairobi mwaka 2000, mitaa ya Mukuru, walikufa zaidi ya 100. Mwaka 2014 ikawa Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024, Kirinyaga. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa iuzwe ikiwa kwenye chupa na imefikia viwango, lakini huku kwetu bado ni kikombe, na kikombe hakipimwi na mtu.

Methanoli inalewesha kama pombe nyingine. Haina rangi, na ikishachanganywa ulimi hauitambui. Wanaowasha kiberiti kutazama moto wanajidanganya. Sumu yenyewe hutengenezwa na ini, linaloigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, ileile ya dawa ya mochari, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Mililita 10 zinaweza kupofusha. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, zinaweza kuua.

Na ini halina haraka. Mara nyingi saa 12 hadi 24 hupita kabla ya dalili, na aliyekunywa pombe ya kawaida pamoja nayo huchelewa zaidi, maana ini hushughulikia ile ya kawaida kwanza. Mtu anaamka akidhani ni hangova. Kisha tumbo linamkata, anatapika, anahema mbiombio, anasema mbele yake kuna ukungu mweupe. Hapo ndipo tunapowapoteza watu wetu kwa huruma: "Mwacheni alale, itamtoka." Jamani, haitoki! Mpakieni kwenye boda katikati ya watu wawili, mumfikishe hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, au hospitali yoyote iliyo karibu, na mtamke neno methanoli hata kama hamna uhakika. Ipo dawa, fomepizoli, inayolizuia ini lisitengeneze sumu. Isipopatikana, daktari anaweza kutumia pombe safi kwa kipimo, na mashine ya kusafisha damu. Lakini msijaribu kumtibu nyumbani kwa kikombe kingine, kwani huenda kimetoka kwenye mtungi uleule.

Sasa niseme kuhusu maonyo yetu. Redioni tunasikia "jiepusheni na pombe haramu", na mnywaji hapati chochote cha kumsaidia jioni hiyo. Kule British Columbia, Canada, ambako dharura ya dawa za kulevya zenye sumu ilitangazwa mwaka 2016, onyo linaweza kukwambia dawa ni ya rangi gani, imeonekana mji gani, na maabara imekuta nini ndani. Nasi tunaweza kutangaza hivyo: ni pombe ya upande fulani, tangu siku fulani, dalili ni hizi. Lakini habari hizo anazo muuzaji, na muuzaji anaogopa pingu. Chifu, nakuomba mbele ya hawa wote: mama akija kukwambia mtungi alioletewa umewadhuru wateja wake, mpokee kama shahidi, na mtungi upelekwe kupimwa.

Wahudumu wa afya ya jamii, mnapopita nyumbani asubuhi, mkikuta aliyekunywa jana bado amelala, mwamsheni. Mwonyesheni vidole, ahesabu. Asipoviona vizuri, msisubiri chai.