Mlima Vinson: Jina Lililotangulia Nyayo

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema kwamba fulani aligundua mlima fulani mwaka fulani, kana kwamba kugundua ni tendo la siku moja. Mlima Vinson, ulio mrefu kuliko yote katika bara la Antaktika, unaukataa usemi huo.

Tarehe 23 Novemba 1935, Mmarekani Lincoln Ellsworth na rubani wake, Herbert Hollick-Kenyon, waliruka kutoka Kisiwa cha Dundee kwa ndege ya injini moja iliyoitwa Polar Star, wakikusudia kulivuka bara hilo. Njiani, mahali ambapo ramani ilikuwa karatasi tupu, Ellsworth aliona safu ya milima iliyosimama peke yake juu ya uwanda wa barafu, akaiita Sentinel, yaani mlinzi. Mimi nalipenda sana jina hilo, kwa kuwa limetoka kwenye jicho la aliyeiona milima yenyewe. Walitua mara nne. Mara moja dhoruba iliwafungia hemani kwa siku kadhaa, na theluji laini kama unga ikajaa ndani ya mkia wa ndege, hata ikawabidi waichote kidogo kidogo ndipo waweze kuruka tena. Mafuta yaliwaishia wakikaribia kufika, wakamalizia safari kwa miguu.

Lakini kilele kinachovipita vyote katika safu hiyo, yaani Vinson, hakikutambuliwa siku ile. Kilikuja kuonekana Januari 1958 kutoka katika ndege ya Jeshi la Majini la Marekani, kikapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa jimbo la Georgia aliyeunga mkono uchunguzi wa Antaktika kwa miaka mingi. Hapakuwa na wenyeji wa kuulizwa mlima wao wanauitaje. Jina likatangulia nyayo, kwani wapandaji wa kwanza, wa msafara wa Kimarekani ulioongozwa na Nicholas Clinch, walifika kileleni tarehe 18 Desemba 1966.

Vipimo navyo vilichelewa. Zamani vitabu viliandika mita 5,140; vipimo vya setilaiti vya mwaka 2004 vikaja kuonyesha 4,892. Ni mwaka 2006 tu ambapo kamati ya Marekani ya majina ya mahali huko Antaktika ilikitenga kilele, kikawa na jina lake mbali na lile la bonge zima la mlima linalokibeba, lenye urefu wa kilomita 21. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya kabla ya hapo hana budi kupima kwanza kama mwandishi alikusudia kilele au bonge lote.