Nyumba Ambayo Bado Hatujainunua

Habari zenu ndugu watazamaji, na karibuni tena. Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote tangu nianze kurekodi video hizi: miaka yote hiyo mko ughaibuni, mume na mke wote mna kazi, mbona bado mnakaa nyumba ya kupanga? Nimelikwepa kwa muda mrefu kwa sababu jibu lake linagusa mambo ya ndani ya familia. Leo nimewalaza watoto mapema, baba watoto ameniruhusu kusema, nami nitalijibu kwa hesabu, kwani bila hesabu jibu langu litasikika kama malalamiko ya mtu asiyeridhika na riziki yake.

Sitataja mishahara yetu. Chukueni kila kinachoingia mikononi mwetu baada ya kodi ya mapato, mkiite 100. Katika hiyo 100, kodi ya pango huchukua 32. Kituo cha kulelea watoto wetu wawili huchukua 27. Marejesho ya madeni ni 16. Chakula, usafiri, umeme, maji na simu ni 19. Fedha tunazotuma nyumbani ni 6. Zijumlisheni wenyewe mwone kama kuna mahali nimesahau kuandika akiba ya kianzio cha nyumba, yaani zile fedha za kwanza ambazo mnunuzi hutoa mwenyewe, kinachobaki akikopeshwa.

Wengi hushangaa kwamba kulelewa kwa watoto wawili mchana kunakaribia kodi ya nyumba nzima. Nami nilishangaa, mpaka nilipoelewa kwamba gharama kubwa katika kituo ni mikono ya watu. Mlezi mmoja haruhusiwi kushika watoto wachanga zaidi ya idadi fulani, na hakuna mtambo wa kumfanya aweze kushika ishirini kwa usalama. Ndiyo maana mtoto anapokua na kuhitaji kubebwa kidogo, ada yake mara nyingi hushuka. Tena ada hailali: mtoto akiamka na homa, kituo hakimpokei, mzazi mmoja anabaki nyumbani, naye akilipwa kwa saa anapoteza mshahara wa siku hiyo, na siku hiyo hiyo ya kituo italipiwa kama kawaida. Kabla hatujawa na akiba ya dharura, homa mbili katika mwezi mmoja zilitosha kutupeleka kwenye kadi ya mkopo kununua chakula.

Ndipo likaja wazo ambalo nadhani kila mama anayefanya kazi amelisikia, kwamba niache kazi nilee mwenyewe. Tulikaa mezani, tukachukua mshahara wangu, tukatoa humo ada ya kituo, tukaona kilichobaki ni kidogo mno. Ilinichukua wiki nzima kuona kosa letu. Tulikuwa tumeitoa ada yote kwenye mshahara wangu peke yangu, kana kwamba watoto niliwaleta duniani bila baba. Ada hiyo hutoka kwenye mapato ya wote wawili, na ukiitazama hivyo sura ya hesabu hubadilika. Juu ya hapo, mtu akikaa nje ya kazi miaka 4 au 5, michango yake ya pensheni husimama, nyongeza zake za mshahara hupotea, na anaporudi huanza chini ya pale alipoachia. Isitoshe, siku ya kuomba mkopo wa nyumba, mkopeshaji angetazama kipato kimoja badala ya viwili. Nilibaki kazini. Simlaumu aliyechagua vinginevyo, ila namwomba kwanza aipige hesabu upya akiigawa ada kwa wazazi wote wawili.

Sasa tuje kwenye madeni, ambako ndiko tulikokosea zaidi. Tunayo ya aina mbili. La kwanza ni la kadi, lenye riba. Tuseme unadaiwa 100 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ukilipa 3 kila mwezi, 2 za mwezi wa kwanza ni riba tupu na ni 1 tu inayopunguza deni. Utamaliza baada ya takriban miezi 56, ukiwa umelipa karibu 166. Ukijibana ukalipa 5, utamaliza kwa miezi 26 na jumla itakuwa kama 129. Tofauti ya 2 kwa mwezi inakata zaidi ya nusu ya muda. Sisi kwa miaka miwili tulikuwa tukilipa kile kima cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa ya kadi, tukidhani sisi ni walipaji wazuri. Kweli tulikuwa wazuri, lakini kwa aliyetukopesha.

Deni la pili ni la ndugu. Nilipoondoka nyumbani, watu walichanga. Mjomba alitoa, shangazi alitoa, kaka yangu mkubwa alitoa zaidi ya wote, na hakuna aliyeandika kitu, kwa kuwa kuandikiana kungeonekana kama kutoaminiana. Deni hili halina riba, wala halionekani kwenye rekodi yoyote ya benki, na kwa hiyo tuliliweka mwisho wa foleni. Hapo nakiri tulikosea. Deni lisiloandikwa halina kiwango, na lisilo na kiwango halifiki mwisho. Kila mara nilipotuma fedha kwa ajili ya ugonjwa au ada ya shule, mimi nilihesabu kwamba nimelipa, wao wakahesabu kwamba nimesaidia. Baada ya miaka, kila upande uliona umedhulumiwa na hakuna aliyesema uongo. Mwaka jana nilimpigia simu kila mmoja wao, kwa unyenyekevu wote, nikamwomba tukubaliane kiasi na mwezi wa mwisho. Shangazi alicheka, akasema alishasamehe zamani. Mjomba alitaja kiasi kikubwa kuliko nilichokumbuka, na nilikubali bila kubishana. Tangu hapo, kinachotumwa kama msaada kinaitwa msaada, na kinachotumwa kama malipo kinaitwa malipo.

Kwa kupita tu: angalieni pia makato ya kutuma fedha. Katika malengo ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, nchi zilikubaliana kushusha gharama hizo zifike chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Sehemu nyingi bado hazijafika. Sehemu ya makato hujificha katika kiwango cha kubadilishia fedha, hata pale ada inapotangazwa kuwa sifuri. Mimi sasa natuma mara moja kwa mwezi, si mara nne.

Baba watoto alitaka tununue mapema, na hoja yake si ya kupuuzwa: kodi ya pango hairudi, na bei za nyumba zinaweza kupanda tukiwa tunajiandaa. Kilichotuunganisha ni kuona kwamba mizigo yetu haiendi kwa mwendo mmoja. Ada ya kituo ina mwisho wake. Mtoto akianza shule, sehemu kubwa yake huondoka yenyewe. Deni la riba haliondoki lenyewe hata siku moja. Na mkopeshaji hupima marejesho yako ya kila mwezi dhidi ya kipato chako. Mkopo wa nyumba wa 100,000, kwa riba ya asilimia 6 na miaka 30, hudai takriban 600 kwa mwezi, ambapo mwezi wa kwanza 500 ni riba, na hadi mwisho utakuwa umelipa kama 216,000. Kwa hiyo anayetumia 600 kila mwezi kulipa madeni mengine anazuia uwezo wa kuhudumia mkopo mzima wa 100,000. Kwetu, kufuta deni la kadi kulikuwa hatua kubwa zaidi ya kuelekea kwenye nyumba kuliko kulimbikiza kianzio kidogo kidogo huku riba ikitutafuna upande wa pili.

Jambo moja limetuletea mtihani. Kaka yangu alijitolea kutuongezea kianzio, nasi tungemrudishia polepole. Wakopeshaji wengi huuliza fedha za kianzio zimetoka wapi, na zikiwa zimetoka kwa ndugu, hutaka atie saini kwamba ni zawadi na hazitadaiwa. Kaka akasema haina shida, atasaini, kisha tutajuana wenyewe. Nilikataa. Huo ni uongo juu ya hati, na pia ni lile lile deni lisiloandikwa ambalo nimehangaika mwaka mzima kulifunga. Amenuna kidogo, lakini tunaongea.

Mdogo wetu anaanza shule baada ya miezi 14. Deni la kadi litaisha miezi mitatu kabla ya hapo, na la mjomba mwezi unaofuata. Tumekwishaenda benki kuweka agizo la malipo la kudumu: mwezi ule ada ya kituo itakapokoma, fedha hizo zitahama zenyewe kwenda kwenye akaunti ya kianzio kabla sisi hatujazizoea mfukoni.