Unyevu, Chumvi na Bodi za Magari ya Zamani Hapa Pwani

Mhadhara uliotolewa mbele ya wamiliki wa magari ya zamani, Mombasa

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalisema tena, kwa sababu nilipokuwa nikiingia uwanjani nimeyaona magari yaliyofunikwa kwa maturubai ya nailoni na kukazwa kamba hadi chini ya bampa. Najua mmeyafunika kwa mapenzi. Hata hivyo, turubai lile ndilo linaloyala.

Chuma hakingoji kunyeshewa ndipo kishike kutu. Kinachohitajika ni oksijeni na utando mwembamba wa maji, na chumvi ya bahari huuleta utando huo pasipo mvua, kwa kuwa unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chumvi huyavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Ni usiku mwingi kiasi gani hapa Mombasa ambao unyevu hauvuki kiwango hicho? Gari lililoegeshwa karibu na ufuo wakati wa kusi hukesha limelowa, tena kwa maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme mdogo unaokitafuna chuma kwa kasi kuliko maji ya mvua.

Kuna na umande. Jioni yenye nyuzi 27 za joto na unyevu wa asilimia 85, umande huanza kushika pale bati linapopoa kufikia nyuzi 24 hivi. Tofauti ni nyuzi 3 tu. Gari lililo wazi litalowa alfajiri, jua na upepo vitalikausha, na shughuli itaishia hapo hadi usiku unaofuata. Gari lililofungiwa ndani ya nailoni halipati nafasi hiyo: mvuke unapanda kutoka ardhini, unagota kwenye nailoni iliyopoa, unadondokea bati, jua likichomoza maji yale yanageuka mvuke tena, na kwa kuwa hayana pa kutokea, yanajipenyeza kwenye maungio ya milango, chini ya raba za vioo na ndani ya mazulia. Mama zetu walifunika chakula kwa kawa la ukili, wala si kwa sahani, kwa sababu walijua kwamba wali wa moto ukifunikwa kwa kitu kisichopitisha hewa hulowa kwa jasho lake wenyewe.

Mzee mmoja wa Kisauni alikuwa na Peugeot 404, gari la aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Lilikuwa gari zima. Mwanawe alilitumia kwenda Malindi na kurudi, mvua kwa jua, na rangi yake ilikuwa ya kiwandani. Kabla ya masika moja mzee alilifunika, akalikaza vizuri, akasafiri kwenda kuuguzwa bara. Tulipolifungua aliporejea, mazulia yalikuwa yameota ukungu mweupe, rangi imefura malengelenge kwenye kingo za chini za milango yote minne, na kidole kilizama ndani ya kizingiti cha upande wa dereva, yaani lile boksi la bati lililo chini ya mlango. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi na kuyatanua maungio. Basi lengelenge mnaloliona nje ni habari ya kazi iliyokwisha kufanyika kwa ndani. Barabara ya Malindi haikuliozesha gari lile. Lilioza likiwa limetunzwa.

Mtaniambia kwamba msipofunika, kunguru watalichafua. Ni kweli, na kinyesi chao huharibu rangi. Jengeni kibanda chenye paa, la makuti au la mabati, pande ziachwe wazi upepo upite, na mkitaka kuzuia vumbi tandazeni juu ya gari shuka la pamba chini ya paa hilo. Kinyesi kioshwe kwa maji mengi siku hiyo hiyo. Asiye na uwezo wa kujenga kibanda, ni heri aliache gari wazi kuliko kulifungia kwenye nailoni. Wala msiegeshe juu ya nyasi au mchanga, kwani mvuke ule ninaousema hutoka hapo. Sakafu ya saruji iliyowekewa karatasi ya plastiki chini yake itawafaa zaidi.

Nije kwenye matundu ya kutolea maji. Kila mlango una matundu kwenye ukingo wake wa chini, na vizingiti vina yake. Huzibwa na vumbi, na majani ya mwarobaini yaliyooza na, jambo linaloniudhi kuliko yote, na mafundi wanaopaka fila, ile lipu ya kusawazishia bati, na rangi juu yake kisha wakasifiwa kwa kazi safi. Yazibueni kwa spoku ya baiskeli kabla ya masika na kabla ya vuli. Wenye Volkswagen Beetle wainue kiti cha nyuma waitazame sakafu iliyo chini ya betri, kwa sababu asidi na unyevu vimeshirikiana hapo miaka mingi.

Matundu yakiwa wazi na ndani pamekauka kabisa, pulizeni nta nyepesi inayoweza kupenya kwenye maungio. Wapo watakaosema kwamba oili chafu imetosha tangu enzi za babu zao. Oili iliyotoka kwenye injini hubeba asidi zilizotokana na mwako, hulainisha raba za chini ya gari, hunasa mchanga wenye chumvi, na mvua kubwa huiondoa. Lami nzito inayopakwa chini ya gari nayo hukauka ikapasuka, na maji yakishaingia chini yake hakuna atakayeiona kutu mpaka bati litoboke.

Muda umenibana, kwa hiyo nitawagusia kwa ufupi wenye Land Rover. Tangu mwaka 1948 paneli zenu nyingi ni za aloi ya alumini, lakini chasisi, yaani fremu inayobeba gari, ni chuma, nayo huoza kutoka ndani ya mihimili yake iliyo wazi ndani kama boksi. Na pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Tenganisheni kwa rangi na vipande vya raba.

Bampa za kromu tutaziacha. Wale waliochomelewa vizingiti vipya na hawajui kama ndani palipakwa chochote, walete magari pale chini ya mwembe: nina kamera ndogo inayoingia kwenye tundu, na tutaanza na yale yaliyokuja yamefunikwa.