Risasi Nene za Bunduki ya Wenzo: Ipi kwa Mnyama Mkubwa?

NEEMA: Karibuni tena katika kipindi chetu. Mimi niko Arusha, na mwenzangu Rashidi yuko Anchorage, Alaska. Leo ninakuja na shaka yangu mapema, kaka. Miaka yote niliyofanya kazi katika kambi za uwindaji sikumwona mgeni akishuka garini na bunduki ya wenzo, ile ambayo mpini wa chini yake ukivutwa na kurudishwa huingiza risasi mpya. Walikuja na za bolti, na wachache wenye fedha walikuja na za mitutu miwili. Huko kwenu zinapendwa kwa lipi?

RASHIDI: Shikamoo, dada.

NEEMA: Marahaba.

RASHIDI: Zinapendwa kwa sababu ya vichaka. Musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama viganja, hujificha katika mierebi mizito kando ya mito, na dubu wa kahawia humpitia mtu mahali hapo hapo. Mara nyingi unapomwona mnyama hajafika hata mita mia kutoka ulipo. Bunduki ya wenzo ni fupi, ubavu wake ni mwembamba kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja ukitembea, na unaweza kuingiza risasi ya pili kitako kikiwa bado begani. Lakini kabla hatujaendelea, tukubaliane kuhusu maneno. Nikisema risasi ninamaanisha kitu kizima, yaani ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe na kichwa, na kinachomfikia mnyama nitakiita kichwa.

NEEMA: Vizuri, maana hata neno lenyewe risasi ni jina la madini, na baadaye utatuambia habari za vichwa vya risasi iliyochanganywa na bati, tukachanganyikiwa sote.

RASHIDI: Basi tuanze na ile ambayo kila duka la huku linayo, .45-70. Ilitolewa mwaka 1873 kwa ajili ya Jeshi la Marekani, na jina lake ni maelezo yake: kipenyo cha takriban inchi 0.45 na greini 70 za baruti nyeusi, zikisukuma kichwa cha greini 405, ambacho ni kama gramu 26. Bunduki ya jeshi ya wakati huo, Springfield yenye mlango wa kufunuka juu, ilikuwa dhaifu kwa vipimo vya leo. Mwaka 1886 kampuni ya Winchester walitoa bunduki ya wenzo iliyobuniwa na John Browning, yenye nguvu ya kutosha kuibeba risasi hiyo, na mwaka 1972 kampuni ya Marlin wakaifufua katika bunduki yao ya 1895. Shida inaanzia hapo, dada. Ganda ni lile lile, jina ni lile lile, lakini bunduki zinazolipokea hazilingani kwa uimara hata kidogo.

NEEMA: Kwa hiyo mtu anaweza kununua pakiti moja ikamfaa yeye na ikampasulia jirani yake bunduki ya babu?

RASHIDI: Ndivyo hasa, na ndiyo maana vitabu vya wanaojijazia risasi wenyewe hugawa .45-70 katika ngazi tatu: ya Springfield ya zamani, ya wenzo wa kisasa, na ya Ruger No. 1, ambayo hubeba risasi moja tu na ni imara kupita zote. Kiwango rasmi cha shinikizo nchini Marekani ni paundi 28,000 kwa inchi ya mraba, kwa kuzihurumia bunduki kongwe. Matokeo yake ni kwamba risasi nyingi za kawaida za dukani ni pole mno. Chukua mfano wa baisani, yule nyati wa Marekani. Kanuni za Alaska zinataka risasi inayobaki na nguvu ya futi-paundi 2,000 katika umbali wa yadi 100. Kichwa cha greini 405 kinachotoka kwa futi 1,330 kwa sekunde kina takriban futi-paundi 1,590 mdomoni mwa mtutu, kabla hakijasafiri hata hatua moja. Mtu anaweza kuwa na risasi nene kama kidole gumba na bado asiruhusiwe kumpiga baisani.

NEEMA: Hapo umenigusa, kwa sababu kipenyo ndicho kinachowadanganya watu wengi. Nchi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, kwa kawaida huweka .375 kuwa kipenyo cha chini kwa wanyama hatari, na mtu husikia .45 akadhani amevuka kwa mbali. Mimi kwanza huuliza kichwa kina urefu na uzito gani kwa unene wake. Ukigawanya uzito kwa mraba wa kipenyo, kwa paundi na inchi, kichwa cha greini 300 cha .375 kinapata 0.305. Kichwa cha uzito huo huo katika .45-70 kinapata 0.204 tu, kwa hiyo ni kipana na kifupi, na nyati akisimama kimshazari kinaweza kuishia begani bila kufika panapotakiwa.

RASHIDI: Na cha greini 405?

NEEMA: Kinapata 0.276, hapo tunaweza kuzungumza. Ushahidi wa jambo hili tunao nyumbani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester ya wenzo ya mwaka 1895 inayotumia .405, kichwa cha greini 300 kikienda kama futi 2,200 kwa sekunde. Aliisifu sana kwa simba, na alikuwa na haki, kwa sababu simba hana ngozi nene wala mifupa mizito ya kumzuia. Lakini kwa tembo alikuwa na Holland ya mitutu miwili. Hesabu ya ile .405 ni 0.254.

RASHIDI: Nakubali, ingawa nitaongeza kwamba aina ya kichwa inaweza kuiokoa au kuiharibu hesabu hiyo. Kichwa laini kilichotengenezwa kwa kasi ndogo, ukikisukuma kwa kasi kubwa, hufunguka mapema kikabaki karibu na ngozi. Kwa dubu mimi huchagua kigumu, chenye pua bapa, ambacho hakibadiliki umbo na hupita moja kwa moja. Pua bapa ina sababu nyingine pia. Bomba la risasi la bunduki hizi limelala chini ya mtutu, kila pua ikiegemea fataki ya risasi iliyo mbele yake, na pua iliyochongoka ikipokea teke la bunduki inaweza kuilipua fataki hiyo humo humo bombani. Hornady, watengenezaji wa risasi, walipata njia ya kuchongoa pua kwa kutumia ncha laini ya plastiki, na huo ulikuwa ubunifu wa kweli. Winchester ya Roosevelt haikuwa na tatizo hilo, kwa kuwa risasi zake zilipangwa wima katika kisanduku.

NEEMA: Na risasi nyingine nene za bunduki za wenzo, .444 na .450?

RASHIDI: Kwa .444 Marlin, ya mwaka 1964, sitakaa sana. Ina kasi nzuri, lakini vichwa vyake vingi ni vyepesi, na mifereji ya ndani ya mitutu ya mwanzo, inayokizungusha kichwa, ilikuwa na mzunguko wa taratibu mno, mmoja kwa inchi 38, usiofaa vichwa virefu. Ile .450 Marlin ya mwaka 2000 kwenye karatasi ndiyo jibu: shinikizo la 43,500, na mkanda mnene kwenye ganda unaoizuia isiingie katika bunduki kongwe. Tatizo ni kuipata. Ukisahau pakiti yako uwanja wa ndege, duka la kijijini litakuwa na .45-70 nyuma ya kaunta, na .450 hawatakuwa nayo.

NEEMA: Umewahi kuaibishwa na bunduki yako?

RASHIDI: Na mikono yangu mwenyewe. Nilijaza risasi ishirini zenye vichwa virefu, nikaridhika na mizani, nikasahau rula. Urefu wa mwisho ni inchi 2.55. Uwanjani ya kwanza ilitoka vizuri kwa sababu niliiingiza kwa mkono; ya pili ilipanda nusu, ikakwama kimshazari, na wenzo haukwenda mbele wala nyuma. Ilibidi nifungue skrubu ya wenzo kwa bisibisi ya kuazima. Tangu siku hiyo risasi zote za safari hupita kwenye bomba na kutoka kwa wenzo, moja moja, kabla sijaondoka nyumbani.

NEEMA: Na umbali? Usiniambie mita mia tatu.

RASHIDI: Hata kidogo. Ile risasi ya greini 405, ukiilenga sawa kwa yadi 100, kwa yadi 200 imeanguka kama sentimita 60. Ile ya ncha laini, greini 325, huanguka kama 25. Mimi hujiwekea mwisho wa yadi 150.

NEEMA: Septemba ikifika, bombani unaweka nini?

RASHIDI: Ni .45-70, greini 405, pua bapa, kichwa kigumu, kasi ya katikati kwa wenzo wa kisasa. Nne bombani, na chemba, mahali risasi inapofyatuliwa, tupu mpaka nifike kwenye mierebi.