Kutoboa Mbao kwa Keke, Kama Fundi wa Majahazi

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo drili ya umeme inabaki kabatini. Tunatoboa mbao kwa keke, drili ya mkono inayozungushwa kwa uta, kama walivyotoboa mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja enzi za Mwingereza. Meli za mvuke zilikuwa zinatia nanga palepale, na fundi amekaa mchangani anavuta uta wake. Keke ni mti, kamba na kipande cha chuma. Ikivunjika anaitengeneza hapohapo, hasubiri duka.

Tazama mezani. Hiki cha chuma chenye ncha ni kekee. Kimechomekwa kwenye mti huu wa mviringo, msukano. Juu yake kuna jivu, mpini unaoshikwa kiganjani, na msukano unazunguka ndani yake. Halafu uta. Tia jivu tone la mafuta ya nazi, la sivyo litalia kama mlango wa zamani.

Mbao yangu ni mbambakofi, ngumu kwelikweli. Weka alama kwa mkaa, kisha gonga msumari kidogo upate kishimo. Usiruke hapo, ncha itakutembea.

Sasa kamba ya uta. Izungushe kwenye msukano mara moja tu. Iwe imelegea kiasi cha kukubali kuzunguka. Ukishaivuta, ikaze kwa kidole gumba cha mkono ulioshika uta. Hapo ndipo wengi tunapokwama. Mara yangu ya kwanza niliifunga kamba ikawa kama gitaa, ikakatika nikajipiga uta kidevuni.

Simamisha keke wima, jivu mkono wa kushoto. Vuta uta hadi mwisho, rudisha hadi mwisho. Usikwaruze kwa vipande vifupifupi. Ncha ya kekee ina makali pande zote mbili, kwa hiyo inakata ukienda na inakata ukirudi. Kushoto egemea tu, usikandamize. Sikiliza: sauti ikiwa nzito na unga unatoka, endelea. Ukiona moshi, ama kekee ni butu ama unaonea mbao. Kila baada ya muda kidogo inua, puliza unga, urudi.

Mwombe mwenzio akae pembeni akuambie keke imeinama wapi. Wewe mwenyewe huoni. Mimi nimetoboa matundu ya kishingoupande nikiapa yamenyooka.

Ncha ikianza kuchungulia chini, acha. Geuza mbao umalizie upande wa pili, isije ikabanduka vibanzi.

Tundu hili ni la kupitisha msumari, kwa hiyo liwe jembamba kuliko msumari wenyewe. Lakini lisiwe dogo mno, mbao ngumu hii itapasuka, na kwenye jahazi ubao uliopasuka ni ubao wa kutupa. Chukua nyuzi za pamba, zilowanishe mafuta, zungushia chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipite. Mafundi wa chombo walitumia sifa, yaani mafuta ya papa, na yananuka. Mimi nimepanga chumba, kwa hiyo natumia ya nazi.

Gonga msumari upite ubao na taruma, ule ubavu wa ndani. Ncha ikitokeza, mwenzio akandamize nyundo nzito kwenye kichwa, wewe ndani uipinde ncha hadi ilale na kuzama kwenye mti. Shika taruma utikise. Ikicheza, msumari haujalala, gonga tena.